Bima ya Afya na Mzigo wa Jirani

Mzee mmoja wa usharika alitujia akinung'unika. Alikuwa ametoa shilingi 30,000 katika Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, ambao kwa ada hiyo ya mwaka ulitibu nyumba ya watu wasiozidi sita. Mwaka ukaisha, wala hakuugua hata mtu mmoja nyumbani mwake. "Mchungaji," akasema, "fedha yangu imeliwa."

Wengi wanalo neno hilo moyoni. Tangu Bunge la Tanzania lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, imtakayo kila mkaaji wa Tanzania Bara awe na bima, watu huuliza: Je, ni haki kumshurutisha mzima amlipie mgonjwa asiyemjua?

Tulimjibu mzee kwamba fedha yake haikuliwa. Bima si kibubu cha mtu mmoja, akivunje apendapo. Fedha ile ilinunua dawa ya mtoto wa watu, na mwaka ujao huenda baba wa mtoto yule akamlipia yeye. Tena kama kila mtu angengoja mpaka augue ndipo atoe ada, mfuko ungekauka mara. Kwa hiyo twakubali kwamba sheria inayo sababu ya kushurutisha.

Lakini Mtume Paulo, katika Wagalatia mlango wa sita, ataja mambo mawili karibu karibu: kuchukuliana mizigo, na kila mtu kulichukua furushi lake. Wenye nacho hulipenda lile la pili. Shilingi 30,000 kwa mwenye duka ni furushi. Kwa mjane alimaye robo eka ni mzigo wa kumwangusha. Sheria yenyewe imeliona jambo hili, ikaagiza wasio na uwezo walipiwe. Ila ni nani atakayewaandika? Maskini wengi huona haya kujitaja.

Liko na neno jingine. Aliyelipa ada, kisha akafika zahanati akaambiwa dawa hakuna, akanunue dukani, huyo ametozwa mara mbili. Akikataa kulipa mwaka wa pili, tusimwite mkaidi.

Mzee yule hakuridhika upesi. Alinyamaza kitambo, kisha akatuuliza kama mjane aliye jirani yake ameandikwa. Hatukujua. Tukafuatana naye kwenda kuuliza.