Marudio

Ndugu msomaji, hivi kuna mtu Afrika Mashariki asiyeujua wimbo wa "Malaika"? Unaimbwa harusini, unapigwa hotelini mbele ya watalii, na watoto wanaujua kabla hawajaelewa unasema nini. Ukiutazama vizuri ni kilio cha kijana mmoja tu. Anampenda binti, anataka kumwoa, mfukoni hana kitu. Huku kwetu Shinyanga, ambako mahari huhesabiwa kwa ng'ombe, kilio hicho hakihitaji mkalimani.

Nilikuwa nao masikioni tangu utotoni bila kuusikiliza. Niliusikiliza kwa mara ya kwanza Nyarugusu, Geita, ndani ya mgahawa wa mabati ulio jirani na karasha. Nilikwenda kumtembelea rafiki yangu niliyesoma naye sekondari. Baada ya kidato cha nne mimi nilibaki mjini na madaftari yangu, nikijiita mwandishi. Yeye alipanda basi kwenda machimboni kutafuta ng'ombe. Simu ya mwenye mgahawa ilikuwa inapiga nyimbo za zamani. Mara zikaja sauti mbili, ya mwanamume na ya mwanamke, zikiuimba wimbo huo taratibu.

"Hao ni nani?" akauliza.

Nikajidai mjuzi. Nikamwambia ni Harry Belafonte wa Marekani na Miriam Makeba wa Afrika Kusini, na kwamba waliuimba pamoja katika albamu yao ya mwaka 1965, ambayo mwaka 1966 ilipata tuzo ya Grammy.

Jamaa akakoroga chai yake. "Sasa kati ya hao wawili, aliyekosa mahari ni yupi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Swali lile lilinifuata hadi Shinyanga, likakaa mezani kwangu. Maana jibu lake ni kwamba hakuna hata mmoja. Aliyeurekodi kwanza, mwaka 1960, ni Fadhili William, kijana wa Taita nchini Kenya, akiwa na bendi ya Jambo Boys. Alisema aliutunga kwa ajili ya msichana aliyempenda tangu shuleni, akashindwa kumwoa kwa kukosa fedha. Lakini yupo pia Mtanzania, Adam Salim, ambaye kwa maelezo yake aliutunga Nairobi mwaka 1945. Naye alikuwa na binti wake, wazazi wakakataa, binti akaozwa kwa tajiri. Umeona maajabu hayo? Watu wawili wanagombea wimbo mmoja, na kila mmoja ushahidi wake ni jeraha lile lile.

Katika karatasi za mirabaha lililozoeleka ni jina la Fadhili. Yeye alifariki mwaka 2001, na ubishi ukabaki. Wimbo wenyewe haukungoja hukumu. Boney M waliurekodi mwaka 1981, Angélique Kidjo wa Benin akaurekodi mwaka 1991, na wengine wengi wasiohesabika.

Hapo ndipo lilipo swali langu, vijana wenzangu mnaotaka kuandika. Wimbo ni wa nani? Ni wa aliyeumia, wa aliyeutunga, wa aliyeurekodi kwanza, au wa aliyeufikisha duniani? Watu wengi watajibu haraka haraka: wa aliyeutunga, mengine ni porojo. Mimi nawaomba kwanza twende kwenye duara.

Machimboni mchimbaji hashuki shimoni akatoka na dhahabu mkononi. Anatoka na mifuko ya mawe. Mifuko hiyo inagawanywa: kuna ya mwenye leseni, kuna ya mwenye duara, kuna ya waliochimba. Fungu lake linakwenda karasha likasagwe, kisha mwaloni likaoshwe, kisha zebaki inakusanya chembe. Kinachobaki ni mchanga, nao unaitwa marudio. Mchimbaji mwenye njaa anauza marudio kwa bei ya chee. Anayeyanunua ana matangi na sainaidi, basi anayaloweka na kutoa dhahabu ambayo mwenzake hakuweza kuitoa. Sehemu kubwa ya mali ilikuwa bado imo humo.

Je, mwenye matangi ni mwizi? Alinunua, tena kwa makubaliano. Ana ujuzi na mtaji ambao mwenzake hana. Bila yeye dhahabu ile ingelala mchangani. Hata hivyo, ukimtazama yule aliyeshuka chini ya ardhi akiwa ameshika kamba, akipita katikati ya matimba yanayolia, moyo unakataa kusema kwamba mambo yako sawa.

Kwetu Shinyanga tunalo jiwe la kutufundisha somo hili. John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, aligundua almasi ya Mwadui mwaka 1940. Mwaka 1947 ikapatikana pale almasi ya rangi ya waridi, yenye karati 54.5 kabla ya kukatwa, naye akamzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza aliyekuwa anaolewa. Jiwe lile hadi leo linaitwa kwa jina la Williamson. Mali ya Shinyanga iliingia kwenye harusi ya kifalme miaka miwili tu baada ya ule mwaka ambao Adam Salim alisema alikosa mke kwa kukosa mali. Sijui mcheke au mlie.

Lakini tusikimbilie kuwafananisha Makeba na Belafonte na wenye matangi. La hasha! Makeba alikuwa ameporwa kitu kikubwa kuliko wimbo. Mwaka 1960 alitaka kurudi Afrika Kusini kumzika mama yake, akakuta pasipoti yake imefutwa. Albamu ile ya 1965 ilibeba mateso ya watu wake chini ya makaburu. Mwanamke asiye na nchi, akiuimba wimbo wa mtu asiye na mahari, anaujua umaskini wa kukosa unachokipenda kikiwa mbele ya macho yako. Nani atathubutu kumwambia kwamba kilio kile hakimhusu?

Kisha kuna tofauti kubwa kati ya dhahabu na wimbo. Dhahabu ikitolewa, shimo linabaki tupu. Wimbo ukiimbwa na mwingine haupungui, bali unaongezeka. Nikiimba "Malaika" leo simnyang'anyi Fadhili wala Salim pumzi yao. Kwa hiyo kurudia si dhambi. Hata manju wetu wa Bagika na Bagalu huimba nyimbo zikasambaa mashambani kutoka kikundi hiki hadi kile. Ila manju wa Kisukuma ni mjanja: hupenda kujitaja jina ndani ya wimbo wenyewe. Ukiimba wimbo wake umemtaja, utake usitake.

Sasa, msomaji, sijakueleza kwa nini rafiki yangu hakucheka.

Siku ile begini nilikuwa na jarida lenye hadithi yangu ya kwanza kuchapishwa. Nililibeba ili kumringishia. Ni hadithi ya kijana anayekwenda machimboni kutafuta mahari, anakaa miaka mitatu, na wiki ile duara linapotoa mali anapigiwa simu kwamba binti ameshaolewa. Watu waliisifu. Mmoja aliniambia nina kipaji cha kubuni. Msomaji, sikubuni kitu. Ni maisha yake yeye. Alinisimulia usiku mmoja kwenye simu, sauti ikimkatika, nami upande wa pili nikawa naandika kwenye daftari. Nilichobadilisha ni jina lake na rangi ya mlango wa nyumba ya binti. Jarida nilikuwa nimempa asubuhi, na alikuwa ameshalisoma kabla hatujaingia mgahawani.

Utasema sheria iko upande wangu, na kweli iko. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi iliyotungwa, maneno yangu jinsi nilivyoyapanga. Hailindi maumivu ya mtu. Mwenye leseni ni mimi. Lakini tangu lini leseni ikajibu swali la haki?

Utasema tena kwamba mwandishi akianza kuomba ruhusa kwa kila mtu, hakuna riwaya itakayoandikwa. Hapo kuna ukweli. Tunachota kwa mama, kwa jirani, kwa abiria wa basi, tunachanganya mpaka hakuna anayejitambua. Hilo sina ugomvi nalo. Ugomvi unaanza pale shimo linapokuwa moja na unamjua aliyelichimba. Nadhani mtu huyo unadaiwa naye vitu vitatu: kuulizwa, kutajwa ikiwa anataka, na kupewa fungu kama kuna fungu. Na la kwanza ndilo kubwa, kwa kuwa halihitaji hela. Aliyekwisha kuulizwa anaweza hata kukupa bure. Asiyeulizwa, hata ukimlipa baadaye, umemlipa kama aliyeibiwa.

Ndiyo maana ubishi wa "Malaika" unaniuma kuliko unavyonishangaza. Huenda wanaume wote wawili walisema kweli kuhusu wasichana wao. Mikoa yetu imejaa mabinti walioolewa na wenye uwezo. Kisicho sawa ni sisi, mamilioni tuliocheza na kulia na wimbo huo, bila kumuuliza yeyote kati yao swali ambalo mchimbaji mmoja aliliuliza huku akikoroga chai.

Basi nikamwambia kweli pale pale. Nikamwomba radhi. Akanyamaza mpaka wimbo ukaisha.

"Ungeniuliza, bwana," akasema. "Tena umekosea. Umeandika ng'ombe thelathini. Walikuwa kumi na wanane. Umewafanya wale wazee waonekane walafi, na hawakuwa walafi. Walinisubiri mwaka mzima zaidi ya ahadi."

Nikaona haya. Wale thelathini nilikuwa nimewaongeza ili hadithi inoge.

"Wamekulipa shilingi ngapi?"

"Nakala mbili."

Hapo ndipo akacheka, kicheko cha mtu aliyetoka shimoni. Akaisogeza ile niliyompa asubuhi upande wake wa meza. Nusu kwa nusu.

Sasa hadithi ile naigeuza kuwa riwaya. Kwenye jalada la ndani la daftari tumeandikiana kwa mkono: ikitoka, mgawo wake ni nusu, jina lake lisiwekwe, na ng'ombe wawe kumi na wanane. Sahihi mbili ziko chini yake. Najua karatasi hiyo si kitu mbele ya wakili. Lakini kila jioni nikifungua daftari niandike, naanza kwa kuisoma.