Msikilize Anayekuogopa

Wanangu mliofungua maduka, mliopewa ofisi na mliokabidhiwa watu, naomba mnivumilie kidogo. Umri wangu wote nimeishi kando ya biashara, na kosa ninalotaka kulisema leo nimeliona kwa wauza khanga wa zamani, nikaliona kwa mameneja wa mashirika ya umma, na sasa naliona kwenu nyie wenye simu mbili mbili mezani. Watu ni wale wale, viti tu ndivyo vilivyobadilika.

Siku hizi kiongozi akiona mambo hayaendi hukimbilia semina. Analipia ukumbi wa hoteli, anafundishwa namna ya kusimama, kushika kipaza sauti na kuwatazama watu machoni, kisha anarudi na cheti. Sina ugomvi na semina. Kusema vizuri ni hazina, na ulimi mtamu umeuza mali nyingi katika pwani hii. Ila sijapata kuona duka lililokufa kwa sababu mwenyewe hakujua kuongea. Nimeyaona mengi yaliyokufa kwa sababu hapakuwa na aliyethubutu kumwambia mwenye duka jambo.

Huanza na kitu kidogo. Kariakoo, saa tano asubuhi, duka limejaa. Bosi ana simu sikioni, nyingine inaita, anamgeukia kijana wa stoo: "Ule mzigo wa Songea uwahi gari leo." Stoo kuna mizigo miwili ya Songea, robota la vitenge na mabegi ya shule, kila mmoja na mteja wake. Kijana anafungua mdomo aulize, anakuta bosi keshageuka, mkono umeinuliwa kumwashiria angoje. Anangoja. Halafu anaona haya kusimama pale kama mtu asiye na kazi. "Sawa, bosi," anasema, anakwenda kubahatisha.

Mzigo unafika, mteja aliyekuwa akisubiri vitenge vya harusi anafungua na kukuta mabegi. Simu inapigwa, bosi anawaka, kijana anasemwa mbele ya wateja mpaka anatamani ardhi ipasuke aingie. Wengine humalizia kwenye kundi la WhatsApp, wasome wote hadi mpika chai. Nauli ya kuurudisha mzigo ni hasara, lakini hiyo hulipika. Ile kubwa haiandikwi kwenye daftari lolote: tangu siku hiyo kijana amejifunza kunyamaza. Masika yanaingia, anaona bati la stoo linavuja juu ya marobota, anajisemea bosi ataona mwenyewe. Mteja anamnong'oneza kwamba jirani ameshusha bei, habari inaishia kwake. Mwenye duka anabaki peke yake katikati ya watu wanaomwitikia, huku akidhani anaheshimiwa.

Siwezi kumlaumu sana. Ana kodi ya fremu, marejesho ya benki, ada za watoto, na hofu hupunguza masikio. Kijana naye ana kila sababu ya kuogopa, maana mshahara ule ndio unaolisha watu nyumbani. Udhaifu huu tumeumbwa nao, na haumwachi hata bingwa.

Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, Hispania, ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana kwenye njia ya kurukia, ukungu ukiwa umetanda. Watu 583 walikufa. Rubani mkuu wa KLM alikuwa mtu wa kuwafundisha marubani wenzake. Alipokuwa ameanza kuikimbiza ndege ili iruke, mhandisi aliyeketi nyuma yake aliuliza kama ile ya Pan Am imekwisha kutoka njiani. Akajibiwa kwa mkazo kwamba imetoka. Hakuuliza tena. Sababu za ajali zilikuwa nyingi, zikiwemo redio zilizoingiliana na maneno yaliyoeleweka vibaya, lakini swali lile moja lililozimwa huwa halinitoki. Wenye ndege walijifunza. Tangu miaka ile marubani wakuu hufundishwa kuwasikiliza walio chini yao, na walio chini hufundishwa kusema wanapoona hatari, hata mkubwa akikunja uso.

Nasi tunayo yetu. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka, wakilalamikia kodi na ile waliyoiita kamatakamata. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaenda Mnazi Mmoja, watu wakasimama mmoja baada ya mwingine wakatoa yaliyowakaa rohoni. Lilikuwa jambo jema. Lakini mengi yaliyosemwa pale yalikuwa yamezungumzwa vibarazani siku nyingi, na Juni 2024 maduka yakafungwa tena. Kiongozi asidhani kazi ya kusikiliza huisha siku ya mkutano. Aliyesema hungoja jibu, hata likiwa ni hapana yenye sababu.

Kama mnataka mwalimu, mtazameni mama ntilie mchana, watu ishirini wanampigia kelele kwa pamoja. Kabla hajachota anakurudishia: "Wali nyama, maharage pembeni, bila pilipili, si ndiyo?" Anajua sahani ikikosewa hairudi chunguni. Nawe ukimtuma kijana, mwambie akueleze alivyokuelewa, kwa upole, bila kumtega. Mpe na sababu ya kazi yenyewe, maana anayejua kwamba vitenge ni vya harusi ya Jumamosi hatakubali gari liondoke bila vitenge. Yenye hesabu yaandikwe. Wazee walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na ujumbe wa sauti wa dakika nne si daftari. Anayekuletea habari mbaya mshukuru kwanza. Akiwa amekosa, mkanye faraghani baada ya hasira kupoa, kisha yaishe.

Hayo ni magumu kuliko semina, najua. Utasahau, utamfokea mtu, utamwomba radhi na kuanza upya. Hakuna aibu hapo. Ila anza. Kesho, kabla hujaita kikao, mtafute yule mdogo kuliko wote kazini kwako, umuulize ni jambo gani analoliona ambalo wewe hulioni. Pengine atasema hakuna, bosi. Muulize tena wiki ijayo, na simu uwe umeiweka mfukoni.