JUMATATU: Viatu Vyekundu

Soma 1 Petro 1:18, 19. Petro anazionaje fedha na dhahabu, na anazilinganisha na nini?

Desemba 2024, kwenye mnada huko Dallas, Marekani, jozi moja ya viatu vyekundu ilifikia dola milioni 28. Pamoja na ada, mnunuzi alilipa dola milioni 32.5. Vilitumiwa na mwigizaji Judy Garland katika filamu ya mwaka 1939, The Wizard of Oz.

Viatu hivyo viliibwa mwaka 2005 katika jumba la makumbusho mjini Grand Rapids, Minnesota. Mwizi aliamini vimepambwa kwa rubi halisi. Alipoambiwa kuwa ni vipande vya kioo tu, aliachana navyo. Vilipatikana mwaka 2018.

Wengine watasema fedha hizo zingechimba visima vingi. Huenda ni kweli, ila Yuda naye aliwahi kupiga hesabu ya namna hiyo (Yohana 12:4-6). Tumwangalie zaidi yule mwizi. Yeye alipima vito, akaona hakuna kitu mkononi mwake. Walioshindana mnadani walijua vilevile kwamba ni kioo, lakini waliuliza ni nani aliyevivaa.

Sasa soma Luka 15:1, 2. Mafarisayo walitumia kipimo kipi kati ya hivyo viwili?

Jadilini: Katika daftari la darasa lenu yamo majina ambayo hayaitwi tena Sabato asubuhi. Nani aliamua yasiitwe, na alipima nini? Ni nani kati yenu atakayewatembelea wiki hii?