ELIYA CHINI YA MTI, NA WATOTO WETU MASOMONI

Neno la kusoma: 1 Wafalme 19:1-9



Eliya alikuwa nabii wa moto. Kule Karmeli aliwashinda manabii wa Baali mbele ya taifa lote. Lakini kiisha tunamwona jangwani, peke yake chini ya mti, akiomba kufa. Mungu alimfanyia nini? Hakumgombeza. Hakumwambia kwamba ana pepo. Alimwacha alale, akamtuma malaika na mkate na maji, mara mbili. Kiisha, kule Horebu, alimwuliza habari yake, akamsikiliza.

Baba na mama, leo Eliya amevaa shati nyeupe na suruali ya bluu. Yuko nyumbani mwako, iwe hapa Golf, iwe Katuba ao Kenya.

Tangu mwaka 2019 masomo ya msingi katika shule za Serikali ni bure, lakini sekondari ingali inalipiwa. Mtoto anarudishwa nyumbani juu ya feza, mbele ya wenzake wote, na haya ile analala nayo. Yule wa mwaka wa mwisho wa humanite anaogopa egzame ya Serikali, kwa maana jamaa nzima imetia tumaini lake juu ya kichwa chake. Shirika la Afya Ulimwenguni linahesabu kwamba kati ya vijana 7 wenye miaka 10 mpaka 19, 1 ana ugonjwa wa akili ao wa moyo. Hesabuni vijana wa kwaya yetu.

Mimi mwenyewe nilikosa. Waliniletea binti aliyeacha kusema na kula. Nikaamuru afunge siku tatu. Mtoto asiyekula, nikamfungisha! Siku ya pili mama mmoja mzee alimpikia bukari, akaketi karibu naye bila kuuliza neno. Jioni binti akalia, akasema yote: masomoni walikuwa wakimcheka kila siku. Yule mama alifanya kazi ya malaika. Mimi sikuifanya.

Basi, ninyi mnaopewa maono, mwogopeni Mungu. Msitaje ulozi juu ya mtoto mwenye huzuni. Sheria ya inchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 inamwazibu mwenye kumshitaki mtoto ulozi. Na mbele ya sheria ile, Bwana mwenyewe alikwisha kutuonya tusimkwaze mmoja wa wadogo hawa.

Wazazi, fanyeni hivi. Mtoto akirudi, mpe chakula kwanza, maulizo baadaye. Akianguka darasani, usimlinganishe na mtoto wa jirani. Nenda kwa prefe na mwalimu, ongeeni kwa upole. Akisema maneno ya kufa, usicheke, usimwache peke yake hata saa moja. Mpeleke kwa munganga. Hapa Lubumbashi kuna kituo cha Joseph Guislain cha magonjwa ya akili. Kwenda kule si kukosa imani. Tutaomba njiani, tutaomba na mlangoni.

Na wewe kijana unayesoma haya: Eliya hakufa chini ya mti ule. Aliamka, akala, akatembea siku 40, na kazi yake ilikuwa ingali mbele. Sema na mtu leo. Safari yako ingali ndefu, na Mungu anajua kwamba unahitaji mkate.

Bwana awalinde watoto wetu. Amina.