Fimbo Moja kwa Makosa Mawili

Wazee wetu walisema samaki mkunje angali mbichi. Katika miaka yangu ya ualimu nilikunja samaki wengi, na sasa, nikiwa nimevuka miaka sabini, najiuliza kama kila mara nilijua ninawakunja kuelekea wapi.

Mwaka 1983 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya kijijini. Msomaji wa rika langu ataikumbuka Tanzania ya wakati ule: Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, lakini sukari, sabuni na nguo zilikuwa adimu, na kitambaa kikifika dukani watu walipanga foleni tangu alfajiri. Hata hivyo, shuleni kwetu sheria ilibaki sheria: shati jeupe.

Jumatatu moja, baada ya ukaguzi mstarini, mwalimu wa zamu aliniletea wavulana wawili wa darasa la nne. Wa kwanza alivaa shati la bluu. Wa pili alikuwa amempokonya mkongojo msichana aliyepooza mguu kwa polio, ili wenzake wacheke, na msichana akaanguka na kuchubuka viganja. Niliwachapa viboko vitatu kila mmoja. Niliona nimetenda haki, kwa kuwa sikumpendelea yeyote.

Wakati wa mapumziko yule msichana alikuja ofisini, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Unasemaje?"

"Mwalimu, yule wa shati la bluu amefanya nini?"

"Amevunja sheria ya shule."

Akafikiri kidogo. "Lakini hakumwumiza mtu."

Nilimwambia arudi darasani. Sikuwa na jibu jingine.

Chuo cha ualimu kilikuwa kimetufundisha mawazo ya Jean Piaget wa Uswisi, ambaye katika kitabu chake cha 1932 alieleza jinsi watoto wanavyozielewa kanuni za mchezo wa gololi. Aliona kuwa mtoto mdogo huzichukua kanuni kama amri zisizobadilika kutoka kwa wakubwa, na kwamba huchukua miaka kutambua kuwa zaweza kuwa mapatano tu. Kwa hiyo niliamini kuwa mtoto hupambanua mambo haya kwa kuchelewa, tena kwa msaada wetu.

Miaka mingi baadaye nikasoma habari za Elliot Turiel wa Marekani, ambaye kitabu chake juu ya suala hili kilitoka mwaka uleule wa 1983. Yeye na watafiti wenzake waliwauliza watoto swali jepesi: kama kusingekuwa na sheria ya kulikataza, jambo hili lingekuwa sawa? Judith Smetana aliwahoji watoto wa chekechea, na mwaka 1981 akaeleza kuwa hata hao wadogo hutenganisha kumpiga mwenzako na kuvunja taratibu za darasa.

Swali hilo nimemwuliza mjukuu wangu wa miaka mitano. "Mwalimu akisema kesho mje na nguo za nyumbani, ni vibaya?"

"Si vibaya, Babu. Ni raha!"

"Akisema ni ruksa kumpiga mwenzako?"

Akanitazama kama mtu aliyepotewa na akili. "Hapana. Ataumia."

"Na kama mwalimu mwenyewe ameruhusu?"

"Basi mwalimu huyo ni mbaya."

Amelipata wapi hilo? Si katika mawaidha yangu. Mtoto akinyang'anywa muhogo wake hulia. Kesho akimnyang'anya mwenzake, huyaona machozi yaleyale. Hapo ndipo shule ya kwanza ya maadili ilipo. Lakini shati la bluu halimlizi mtu. Ili mtoto ajue kuwa ni kosa, sharti aambiwe, na akihamia shule nyingine aambiwe upya.

Sisemi kuwa desturi ni upuuzi. Sare huficha tofauti ya mwenye nacho na asiye nacho. Shikamoo nayo ni desturi yetu. Mgeni asiyeijua hana kosa. Lakini anayeijua, akamnyima mzee kwa makusudi ili kumdharau, amemwumiza. Desturi ni chombo, na wema ndio maji yaliyomo. Siku ile nililinda chombo nikamwaga maji: mtoto ambaye nyumbani kwao kitambaa cheupe hakikupatikana niliweka kosa lake sawa na ukatili. Na yule mkatili alijifunza nini? Kwamba kumwangusha kilema kuna uzito wa shati. Ilinipasa kumketisha amtazame msichana yule viganja.

Nadhani, basi, kazi yetu kubwa si kumfundisha mtoto tofauti hii, maana anayo. Kazi yetu ni kutoiharibu kwa kukaripia kila kitu kwa sauti moja.

Jumatatu iliyofuata sikukagua mashati. Wenzangu walishangaa, nami sikueleza. Lakini yule wa shati la bluu sikumwambia neno, wala wiki ile wala hadi alipomaliza darasa la saba. Nilijua kuwa nimemkosea. Ila katika siku zile haikuwa desturi mwalimu mkuu kumwomba radhi mtoto, nami nikaifuata desturi.