Haki ya Usiku Mmoja

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alipita Mombasa akielekea Kilwa, akalala usiku mmoja tu. Ulimtosha kuona misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, yenye visima milangoni. Mtu alinawa miguu, akaifuta kwenye mkeka, akaingia. Mogadishu alikuwa amekaa zaidi. Huko, meli ilipotia nanga, vijana waliifuata kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimkabidhi mfanyabiashara mmoja sahani hiyo na kutangaza kuwa huyo ni mgeni wake.

Ukarimu huo haukukosa faida. Mwenyeji ndiye aliyemuuzia mgeni bidhaa zake na kumnunulia alizotaka, na biashara iliyofanyika bila yeye kuwapo haikutambuliwa. Ibn Battuta, kwa kuwa ni mwanachuoni, alitangazwa kuwa mgeni wa kadhi. Kwa siku tatu aliletewa chakula mara tatu kwa siku. Ya nne, Ijumaa, akaletewa mavazi.

Siku tatu hizo zina asili. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, mgeni hutunukiwa mchana mmoja na usiku wake, ukarimu ni siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka. Mgeni naye anakatazwa kukaa hadi akamtaabisha mwenyeji. Waswahili wakapunguza siku moja: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Je, kitanda cha usiku ni deni la nani kwa nani? Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, sura ya 53, inataka kila mgeni apokewe kama Kristo mwenyewe. Kwa Mwislamu na kwa mtawa, basi, mwenye mlango anamlipa Mungu, na msafiri ni mpokeaji tu. Mwanafalsafa Immanuel Kant, mwaka 1795, aliliondoa deni hilo mbinguni akalifanya sheria: mgeni ana haki ya kufika bila kutendewa kama adui, lakini hana haki ya kulazwa mpaka wakubaliane. Alikuwa na sababu nzito. Aliwaona Wazungu waliokwenda nchi za watu wakijiita wageni, kisha wakazitwaa.

Lavington, kitongoji cha Nairobi, inaijua habari hiyo. Mwaka 1899, mwaka uleule reli ilipofika Nairobi, mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu kutoka Ufaransa walianzisha misheni ya St. Austin, wakapanda kahawa, na sehemu kubwa ya kitongoji ilikuja kujengwa penye mashamba hayo. Nchi nzima ilikuwa ikipokea wageni waliokataa kuhesabu siku. Katika miaka ya 1920 mwanamume Mwafrika alitembea na kipande, kitambulisho cha lazima, shingoni katika ardhi ya babu zake, na jembe alikabidhiwa mwenyeji. Ndiyo maana ukomo wa siku tatu si uchoyo. Bila huo, mwenye busara angefunga mlango tangu siku ya kwanza.

Leo, kando ya Barabara ya James Gichuru, mlango umekuwa geti, na juu ya ukuta pana nyaya za umeme. Soja anauliza swali moja: unaenda kwa nani? Anayejibu kwamba amekodi fleti kwa siku mbili kupitia simu anaandikwa kitabuni na kupita. Asiye na jina la mtu wa kutaja hana pa kuanzia. Mambo ni hayo hayo mbali sana na hapa: kwenye njia ya pwani ya Abel Tasman, New Zealand, kilomita 60 hivi, vibanda vinne vya kulala huwekewa nafasi na kulipiwa kabla ya safari. Utaratibu huo ni wa haki kwa aliyelipa, na hakuna anayelazimika kumbembeleza mwingine. Ila haumjui aliyekutwa na usiku bila kupanga.

Huyo anajulikana mtaani Kawangware, mwendo mfupi kutoka Lavington. Binamu aliyeshuka basi kutoka kijijini akitafuta kazi hutandikiwa sakafuni katika chumba kimoja chenye familia nzima, na mara nyingi mwenye chumba ni yuleyule anayeshinda getini Lavington akiuliza wengine wanaenda kwa nani. Deni ambalo dini zote mbili ziliwatwika wenye milango limehamia kwa wenye nafasi finyu kabisa, na hilo ni kosa la kidini kabla halijawa la kijamii.

Nyumba za ibada haziwezi kudai kwamba hazina uwezo. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalipowatoa maelfu ya watu makwao Nairobi, makanisa na shule ziligeuka malazi. Hakuna aliyedaiwa kutaja jina la mwenyeji. Halmashauri ya parokia au kamati ya msikiti inaweza kuanza na kipimo cha chini kilichomo katika hadithi, mchana mmoja na usiku wake: ukumbi mmoja, magodoro, maji ya kunawa, mlinzi anayelipwa, na siku ya kuondoka inayotajwa mgeni anapoingia.