Je, Mbwa Alalaye Njiani Ni Mvivu?

Katika vijiji vyetu vya Kilwa na Lindi mbwa hafugwi kwa anasa. Kazi yake ni kulinda muhogo na mahindi, nguruwe-mwitu na nyani wasiyamalize, na kumfuata bwana wake aendapo shamba. Kwa hiyo mbwa asiyeweza kutembea huhesabiwa kuwa hana faida. Nasi twapenda kulitazama neno moja ambalo wengi hulipita bila kulifikiri: mbwa kijana ambaye juzi alikwenda mbio, na leo amelala katikati ya njia, wala sababu haijulikani, je, anamdai bwana wake nini?

Tuseme ni mbwa wa mwaka mmoja. Asubuhi huchezacheza uani na kula chakula chake. Lakini wakitoka kwenda shamba, hata hawajafika mbali, huanza kubaki nyuma; hutweta kuliko desturi, huketi kivulini, huinuka na kwenda hatua chache, kisha hulala tena. Hana kidonda wala mguu uliovunjika. Akipumzika, jioni huonekana mzima. Hapo majirani hutoa hukumu tatu. Wa kwanza husema, "Huyu ni mvivu, mpige." Wa pili husema, "Huyu amerogwa, ameona kitu njiani." Wa tatu husema, "Ana kichaa, muueni." Hukumu hizi ni mbalimbali, walakini zafanana kwa jambo moja: zote zimetolewa kabla ya kutazama.

Basi na tutazame. Mbwa hatoki jasho mwilini kama mtu. Hujipoza zaidi kwa kutweta, na jua la saa sita laweza kumwangusha hata aliye mzima. Tena kupe humtia viini katika damu, hata fizi zake zikawa nyeupe na mkojo ukawa mweusi. Minyoo ya tumbo humnyonya damu kama vile safura imnyonyavyo mtu. Mbu nao huweza kumtia minyoo ikaayo moyoni na katika mishipa ya mapafu, naye hukohoa na kuishiwa nguvu akienda mbio. Wako pia wanaozaliwa na kasoro ya moyo. Na katika nyika ya magharibi, upande wa Selous, yuko mbung'o aletaye nagana, ugonjwa ulio mkali sana kwa mbwa: homa huja na kuondoka, uso huvimba, macho huingia ukungu, mwili hukonda. Magonjwa haya mengi hujificha mnyama akiwa amelala, hufunuliwa na mwendo. Ndiyo maana njia hutuonyesha yale ambayo ua hautuonyeshi.

Sasa tuikumbuke habari moja ya pwani yetu. Mwezi wa Machi mwaka 1866 Dk. David Livingstone alishuka Mikindani, kusini ya Lindi, akiwa na ngamia 6, nyati 3 wa kufugwa pamoja na ndama, nyumbu wa mizigo 2 na punda 4. Nia yake mojawapo ilikuwa kujua kama wanyama hao wataweza kumstahimili mbung'o. Walipoingia njia ya Ruvuma waliumwa na mbung'o, wakadhoofika, wakaanza kufa. Lakini askari wa Kihindi waliokuwa katika msafara waliwapiga na kuwalemeza mizigo hata wakawa na vidonda. Livingstone akashindwa kuamua ni nini kilichowaua: ni mbung'o, au ni fimbo? Wanyama walikwisha, na jibu halikupatikana.

Jibu hilo lilingoja karibu miaka 30. Mwaka 1894 daktari David Bruce alikwenda nchi ya Wazulu, akapima kwa hadubini damu ya ng'ombe wenye nagana, akaona viini hai vikiogelea ndani yake; kisha akaonyesha kwamba mbung'o ndiye avichukuaye. Mbwa nao walitumiwa katika uchunguzi ule, wakaugua wakafa. Kwa hiyo elimu tuliyo nayo juu ya mbung'o, ambayo imewafaa watu na ng'ombe wao, ilinunuliwa kwa sehemu kwa uhai wa mbwa.

Katika habari ya Mikindani twaona ubaya wa fimbo ulio zaidi ya maumivu. Fimbo huficha ugonjwa. Mnyama akisha pigwa, hatuwezi tena kujua kama achechemea kwa homa au kwa pigo, kama atetemeka kwa viini au kwa hofu. Apigaye amejifungia mlango wa kujua. Habari ya Balaamu na punda wake, katika kitabu cha Hesabu, twaijua sote. Mara tatu punda aliikataa njia, mara tatu alipigwa. Naye ndiye aliyekiona kilichosimama mbele yao, mwenye fimbo hakukiona. Majirani zetu Waislamu, ambao wengi wao hawamweki mbwa ndani ya nyumba, nao husimulia habari ya mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Wahenga walisema, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mbwa hawezi kutueleza adhabu yake. Basi kutojua kwetu si ruhusa ya kumhukumu.

Yuko atakayesema, "Dawa ina gharama, bwana mifugo yu mbali, na mtoto wangu hana daftari. Je, nimtangulize mbwa?" Neno hili ni la haki, wala hatulidharau. Mtu hadaiwi asichokuwa nacho, na mtoto ndiye kwanza. Lakini mambo mengi anayodai mbwa mgonjwa hayana bei: kumwacha nyumbani jua likiwa kali, kumpa maji, kumtoa kupe, kumfunua mdomo na kuzitazama fizi, kuyatazama macho, kukumbuka ni siku gani alianza na ni njia gani alipita. Mtu akienda kwa bwana mifugo na habari hizo amekwisha kufanya nusu ya kazi. Na kama haponi, wala nguvu za kumtibu hazipo, basi auawe na mtu ajuaye, upesi, bila mateso. Asifukuzwe kwa mawe afe porini.

Kwa habari ya kichaa cha mbwa tusifanye mchezo. Mbwa aliyebadilika tabia, atokwaye na udenda, ashindwaye kumeza, au aumaye bila sababu, asishikwe. Watoto waondolewe, na bwana mifugo aarifiwe. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, aende hospitali siku ileile kwa sindano, maana dalili zikisha tokea huwa hakuna kupona. Lakini kuua kila mbwa alegeaye hakuuzuii ugonjwa huu. Huzuiwa kwa kuchanja mbwa 7 katika kila 10. Mwaka 2010 ulianza mpango wa kuwachanja mbwa katika wilaya 28 za nchi yetu, zikiwamo za Lindi na Mtwara, na wengi wetu twaukumbuka.

Tena liko neno lililo kubwa kuliko mbwa. Sisi walimu huwaona watoto wachelewao kila siku njia ya shule, wasinziao darasani, washindwao na michezo. Ni rahisi kusema, "Mvivu huyu." Lakini huenda ni safura, au homa ya malaria isiyokwisha, au njaa. Mtoto ana kinywa, ni kweli. Ila mbele ya fimbo naye huwa bubu kama mnyama. Aliyezoea kumpiga mbwa alalaye njiani bila kuuliza, mkono wake umekwisha jifunza jambo baya, na mkono haubagui sana.

Basi ndugu, mnyama wako akilala njiani, simama nawe. Mpe maji, mtazame fizi na macho, ngoja jua lipungue, kisha mrudishe polepole. Siku ya pili uliza kwa yule ajuaye. Na kama ni mbung'o, utakuwa umepata habari njema kwa kijiji kizima, kwa kuwa njia ile ile ndiyo wapitayo mbuzi wetu na watoto wetu, na jamaa ya viini vya nagana ndivyo viletavyo malale kwa wanadamu.